Kutoka kupenda kuvua hadi kuuza zana za uvuvi: maswali ninayoulizwa kila mara

Nina karakana ndogo Tanga. Tunatengeneza vyambo bandia vya mti kwa ajili ya kurambaza (kuvutwa nyuma ya chombo kinachokwenda), chubwi, yaani vizito vya kuzamisha mshipi, na madema, ile mitego ya kusuka, kwa anayeagiza. Yote yalianza kama pumbao la jioni, kisu na kipande cha mbao barazani, na mpaka leo wanaonipigia ni watu wa namna hiyo hiyo: mwalimu anayevua Jumamosi, fundi umeme anayefunga manyoya kwenye ndoana, kijana ambaye baba yake ni mvuvi na yeye anataka kutengeneza badala ya kwenda majini. Maswali yao yanafanana. Nimeyaweka hapa ili nisiwe nayajibu kwa WhatsApp usiku wa manane.

Nitajuaje kama pumbao langu linaweza kuwa biashara?

Chukua chambo chako unachokisifia, kile kilichokupa nguru mkubwa. Tengeneza kingine kama hicho. Ukimaliza, tengeneza vinne zaidi, kisha uvivute vyote majini siku moja, kwa mshipi uleule na mwendo uleule. Vikiogelea sawasawa, una bidhaa. Kimoja kikicheza vizuri, kingine kikalala ubavu na cha tatu kikapanda juu na kurukaruka, bado una pumbao, na hakuna ubaya.

Watu wengi hudhani kigezo ni kama samaki anakula. Samaki mwenye njaa hula hata kipande cha mfuko. Mteja anayenunua cha pili anataka kile cha kwanza kirudi vilevile, na karibu kila jibu utakalolisoma hapa chini linazunguka jambo hilo.

Kuna aliyeanza hivi akafika mbali?

Wapo. Ninayemtaja kila mara ni Lauri Rapala wa Ufini. Alikuwa mvuvi wa ziwani, maskini, na alipokuwa akivuta nyavu na mishipi yake aliona kwamba samaki wakubwa hawashambulii kundi zima la dagaa. Humwendea yule mmoja anayeyumba kama aliyejeruhiwa. Mwaka 1936 akachonga gome la koki kwa kisu cha fundi viatu, akalifunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti, kisha akapaka juu yake negativu za picha alizoziyeyusha, kwa sababu vanishi hakuwa nayo. Chambo kile kiliyumba kama alivyotaka. Kabla ya kuuza, alikijaribu kila kimoja majini, na anayenunua alijua hivyo.

Mlipuko wa biashara ulikuja baadaye sana. Mwaka 1962 jarida la Life la Marekani liliandika habari za chambo chake katika toleo lililokuwa na Marilyn Monroe kwenye jalada, baada tu ya kifo chake. Toleo lile lilinunuliwa na watu wengi mno, na maagizo yakamiminika kuliko uwezo wa kutengeneza. Hesabu mwenyewe: kati ya kisu cha fundi viatu na siku hiyo ilipita miaka 26. Anayekuambia utajenga jina kwa msimu mmoja, muulize yeye anauza nini.

Mfano wa pili ni wa watu waliokuwa na mashine kwanza. Kampuni ya ABU ya Svängsta, Uswidi, ilianza 1921 ikitengeneza saa za mfukoni, kisha mita za teksi. Vita vya Pili vya Dunia vilipoua biashara ya mita, familia ya Borgström ikageuza ujuzi wa meno madogo ya chuma ukawa wa kutengeneza rili za kuvulia. Ukiwa fundi saa, fundi cherehani au fundi baiskeli, huu ndio mfano wako. Shimano ya Japani, nayo ya rili, ilianza na vipuri vya baiskeli mwaka huohuo wa 1921.

Nianze na zana gani?

Moja. Chagua moja tu, ile unayoitumia mwenyewe kila unapovua. Mimi nilianza na chambo cha nguru kwa sababu ndicho nilichokuwa nakinunua na kukilalamikia. Ukivua ngisi usiku, tengeneza chambo cha ngisi. Ukiwa Mwanza au Musoma na umeona wavuvi wa dagaa wakihangaika na taa za sola zinazoingia maji baada ya kuachana na karabai, hapo pana kazi ya maana kuliko vyambo vyangu vyote.

Mbao gani inafaa?

Vitabu vya Wazungu vitakuambia balsa, mbao nyepesi mno. Huku utaipata kwa shida na kwa bei mbaya. Sisi tunatumia msufi kwa vyambo vyepesi vya juu juu na mwembe kwa vinavyozama kidogo. Mwembe watu wa pwani wanaujua, ndio unaochongwa ngalawa. Unakubali kisu, haupasuki ovyo, na vipande vyake unaviokota kwa mafundi wa vyombo bila kukata mti.

Aina ya mti hata hivyo si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba vipande viwili vya mti mmoja havina uzito sawa. Kilichotoka karibu na kiini ni kizito, cha nje ni chepesi, na kile ulichokinunua wakati wa masika kimebeba maji. Ukivichonga kwa kigezo kimoja cha kufuatishia umbo, ukavitia risasi kiasi kimoja, utapata vyambo viwili tofauti vilivyovaa rangi moja.

Dawa yake ni mizani ya jikoni, ile ya kidijitali inayopima hadi gramu moja. Nikishachonga na kupiga msasa, napima kila mwili na kuandika uzito kwa penseli tumboni. Navipanga kwenye makopo: vyepesi, vya kati, vizito. Kisha nachukua ndoo ya maji ya bahari, navalisha chambo ndoana na pete zake zote, naning'iniza vipande vidogo vya risasi chini ya tumbo kwa mpira, naongeza na kupunguza mpaka kielee ninavyotaka: kichwa chini kidogo, mgongo ukichungulia. Kiasi hicho cha risasi ndicho kinachoingia ndani, na kila kopo lina kiasi chake.

Maji yawe ya bahari kweli. Maji ya chumvi ni mazito kwa karibu asilimia 2.5 kuliko ya bomba. Chambo kinachosukuma maji ya ujazo wa gramu 100 kinapata gramu 2 na nusu za kuelea zaidi kikiingia baharini, na kwa chambo kilichosawazishwa vizuri hizo ni nyingi. Kinachozama polepole kwenye pipa lako la uani kinaweza kuelea Mkondo wa Pemba. Kwa wa ziwani ni kinyume chake, na kwao bomba linatosha.

Chambo changu kinazunguka kama feni na kusokota mshipi. Kwa nini?

Sababu huwa tatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza, uzito uko juu. Risasi ikae chini kabisa ya tumbo, karibu na mstari wa waya unaopita ndani ya chambo. Ukiitia katikati ya mwili, chambo hakina sababu ya kujua wapi ni juu na wapi ni chini.

Pili, ulimi umekaa upande. Ule ubati ulio chini ya kidevu ndio unaoyakamata maji na kukifanya chambo kiyumbe. Ukipinda hata milimita moja kushoto, chambo kinakimbilia kando. Sisi tunakata ulimi kwa bati la aluminiamu kwa kigezo, na mkato unaoupokea kwenye mti tunausaga kabla ya kuchonga mwili, wakati mbao bado ni ya mraba na pembe zake zinaaminika. Anayechonga kwanza halafu akaja kukata pa ulimi anafanya kazi ya kubahatisha. Kuhusu mwinamo: ulimi unaoelekea mbele, karibu sambamba na mwili, unakipeleka chini zaidi; uliosimama wima unakiacha juu na kukitikisa kwa mapana.

Tatu, kitanzi cha kufungia mshipi hakiko katikati. Hiki ni rahisi kurekebisha hata chomboni. Kitazame chambo kwa nyuma, kama kinavyokwenda mbele yako. Kikikimbilia kulia, pinda kitanzi kidogo sana kuelekea kushoto kwa koleo, uvute tena. Kidogo sana, kwa maana ya unywele.

Ukivua kwa kasi, kijaribu kwa kasi. Chambo kinachoogelea vizuri ukikivuta kwa mkono gatini kinaweza kuruka nje ya maji chombo kikifika maili 6 za bahari kwa saa.

Waya upite ndani mwote au nitumie skrubu za vitanzi?

Kwa samaki wa bahari ninaowajua, waya upite mwili mzima, kutoka puani hadi mkiani, na kitanzi cha ndoana ya tumbo kishikwe na waya huohuo. Nguru akikivunja mti, unabaki na waya na samaki. Skrubu zinatosha kwa sato.

Waya uwe wa stenlesi. Usichanganye na shaba kwenye maji ya chumvi kwa sababu madini mawili yakigusana mle, moja linaliwa, na utakuja kuliona siku kitanzi kinapobaki mkononi. Kupima nguvu hakuhitaji mashine: ning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, hiyo ni kilo 20 na ndoo yenyewe juu yake. Iache usiku kucha. Asubuhi tazama kama kitanzi kimefunguka.

Rangi yangu inabanduka baada ya safari mbili.

Rangi haibanduki, mti unanyonya maji, unavimba na kuisukuma. Tafuta maji yanapoingilia, na karibu kila mara ni tundu la waya au mkato wa ulimi. Loweka mwili kwenye vanishi nyepesi kabla ya rangi, jaza matundu kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya vitu viwili, ndipo upake.

Safu ya mwisho ya epoksi huteremka na kufanya tone tumboni ukikiacha chambo kimelala. Inabidi kizunguke polepole mpaka ikamate. Mota ndogo inayozungusha sahani ndani ya maikrowevu mbovu ni kamili kwa kazi hii, inazunguka mara 5 au 6 hivi kwa dakika. Mafundi wa vyombo vya umeme mtaani wanazo, muulize tu. Angalia lakini, zipo zinazotumia umeme wa moja kwa moja wa ukutani, kwa hiyo mwachie fundi aziunganishe.

Machi hadi Mei, mvua za masika zikishuka, epoksi hubaki na utando mweupe unaonata. Ni unyevu. Aidha ungoje siku kavu, aidha ufanye ndani ya sanduku lenye balbu ya kulipasha joto. Mimi nangoja, masika natengeneza madema.

Ndoana nazo nitengeneze mwenyewe?

Hapana. Mustad ya Norwei inatengeneza ndoana tangu 1877 na bado ya kwako itakuwa ghali zaidi na mbovu zaidi. Nunua. Pete na viungo vinavyozunguka vinavyozuia mshipi kusokotana, nunua. Kazi yako ni kile ambacho hakipo dukani.

Na risasi? Nasubu chubwi jikoni kwa jiko la mkaa, ina shida?

Ina shida kubwa na hapa nitakaa kidogo.

Risasi huyeyuka kwa takriban nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa linalifikia bila jasho. Ndiyo maana kila mtu hudhani ni kazi ndogo. Hatari iko kwenye moshi, kwenye ule unga wa kijivu unaobaki juu ya chungu, na kwenye nguo na mikono unayoingia nayo ndani. Mtoto anayetambaa anaupata sakafuni. Madhara yake kwa ubongo wa mtoto hayarudi nyuma, na dalili hazionekani mpaka mambo yameshaharibika. Jirani zetu wa Mombasa wana somo lake: mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi katikati ya nyumba za watu, watoto wakapimwa wakakutwa na risasi kwenye damu, na kesi ikakaa mahakamani miaka na miaka.

Betri za gari ndizo watu wa mtaani hukimbilia kwa kuwa ni bure. Usiziguse. Zina asidi, na risasi yake si safi. Bora vipande vya kusawazishia magurudumu kutoka kwa fundi tairi, na hata hivyo iwe nje, upepo ukipeleka moshi mbali nawe, chungu kisichotumika kwa kitu kingine chochote, viatu vya kufunika, glavu, barakoa ya mafundi yenye vichujio na wala si ile ya kitambaa. Kalibu iwe kavu kabisa: tone moja la maji chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha usoni. Nguo za kazi hazifuliwi pamoja na za watoto.

Sisi tumepunguza. Kwa chubwi za kutega chini tunatumia vipande vya nondo na nati kubwa zilizochakaa. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo kwa uzito uleule kipande kinakuwa kikubwa kwa karibu mara moja na nusu, na mkondo unakisukuma zaidi. Wazee hawakukipenda, vijana wamezoea. Ndani ya vyambo bado tunatumia risasi kwa sababu nafasi ni ndogo na imefungwa kwa epoksi. Ukifikiria kuuza nje, jua kwamba Uingereza ilishapiga marufuku chubwi ndogo za risasi, za kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35, tangu 1987, kwa sababu bata maji walikuwa wakizimeza na kufa.

Madema bado yana soko? Si mambo ya wazee?

Yana soko, tena ndiyo zana ninayoipenda kuliko zote kwa upande wa ubunifu, maana ukibadilisha kitu kidogo unabadilisha kinachovuliwa.

Dema la kawaida linashika kila kilichoingia, pamoja na vitasi na vichangu vya kitoto visivyo na bei. Kwenye pwani ya Kenya, ambako wao huyaita malema, watafiti na wavuvi walijaribu kuweka mwanya mwembamba wa wima pembeni, upana wake kama sentimita 3. Samaki mdogo na mwembamba hupenya akaenda zake. Mkubwa mwenye thamani hubaki. Mvuvi anapoteza kilo kadhaa za samaki wa sufuria na anabaki na samaki wa kuuza. Ninaposuka dema lenye mwanya namwambia mnunuzi ukweli huo bila kuupamba: miezi ya kwanza kapu litaonekana jepesi.

Jambo la pili ni dema lililopotea. Likisukwa kwa waya wa kuku au mishipi ya plastiki, linaendelea kuvua chini kule bila mwenyewe. Samaki wanaingia, wanakufa, wanakuwa chambo cha wengine. Kwa hiyo kijimlango kimoja cha dema letu tunakifunga kwa kamba ya mkonge. Tanga tunayo tele, mmea wenyewe uliletwa huku 1893. Mkonge usipobadilishwa huoza majini, kijimlango kinadondoka na dema linabaki tundu. Mwenye dema anayelitembelea anabadilisha kamba kila anapoona imechakaa, gharama yake ni ndogo. Kasoro moja: wapo wanaoibadilisha na nailoni wakifika nyumbani. Siwezi kuwafuata.

Kuna zana ambazo siruhusiwi kutengeneza?

Zipo. Bara, soma Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake za 2009: baruti na sumu kila mtu anajua, lakini humo pia kuna makokoro, nyavu za timba (za uzi mmoja wa plastiki) na bunduki za mishale. Zanzibar ina sheria yake, Na. 7 ya 2010, kwa sababu uvuvi si jambo la Muungano. Kenya wana sheria ya 2016. Usidhani anayebanwa ni mvuvi peke yake. Operesheni Sangara ya 2018, ya kupambana na uvuvi haramu kule Kanda ya Ziwa, iliwafikia pia wafanyabiashara wa nyavu.

Kabla hujatengeneza kitu kipya, nenda na mfano wake kwa afisa uvuvi wa wilaya na kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo wako. Afisa atakuambia kinachokatazwa. BMU watakuambia kitakacholeta ugomvi, na hilo haliandikwi kwenye kanuni yoyote.

Bei napangaje?

Wengi hujumlisha mbao na ndoana, wakaongeza elfu mbili za soda. Hiyo inakufilisi taratibu huku ukicheka.

Tuchukue bei za mfano. Mbao 300, waya 700, ndoana mbili za meno matatu 3,000, pete 600, rangi na epoksi 1,400. Jumla shilingi 6,000. Umetumia saa moja na nusu. Ukijilipa 3,000 kwa saa ni 4,500. Tumefika 10,500. Katika kila kumi kimoja kitaharibika, ongeza 1,050. Sasa 11,550, na bado hujapata faida, umejilipa kama kibarua tu. Weka asilimia 20, unafika 13,860. Mwenye duka naye ataweka lake, kitauzwa 18,000 hivi.

Kando yake dukani kuna chambo cha plastiki kutoka China kwa robo ya bei hiyo. Usishindane nacho kwa bei. Kitazame ndoana zake, uzikunje kwa koleo mbele ya mteja, halafu ukunje za kwako. Na usikidharau, maana rangi zao huwa nzuri.

Saa moja na nusu ndiyo ya kupunguza, kwa kufanya kazi kwa mafungu: siku nzima kukata, siku nzima kupiga msasa. Inachosha, haina raha ya kuchonga kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini ndiyo inayolipa kodi ya fremu.

Nimuuzie nani, na lini?

Wanunuzi ni wa aina mbili na hawafanani hata kidogo. Mvuvi wa ngalawa anataka kitu kitakachodumu, kinachorekebishika, na mara nyingi anataka kulipa akishauza samaki. Mgeni au tajiri wa mjini anayevua kwa fimbo na rili, huko Mkondo wa Pemba, Mafia au Watamu, anataka rangi, kisanduku kizuri na hadithi ya mti. Chambo ndani ni kilekile. Mimi huwauzia wa pili kwa bei kamili, na kwa wa kwanza napunguza faida, sipunguzi ndoana.

Mkopo toa kwa mtu, usitoe kwa kundi, na andika. Hata kwa mjomba. Hasa kwa mjomba.

Kalenda ni ya pepo. Kusi likivuma sana, Juni hadi Agosti, vyombo vidogo haviendi mbali na hakuna anayenunua chambo cha kurambaza. Hiyo ndiyo miezi ya kutengeneza na kujaza makopo. Kaskazi likiingia, Novemba na kuendelea, nguru, jodari na sulisuli wanasogea, simu zinaanza, na wakati huo ukiwa bado unachonga umechelewa.

Hawataniiga?

Wataniiga mimi, watakuiga wewe. Kenya unaweza kusajili muundo wa bidhaa KIPI, taasisi yao ya hakimiliki za viwandani, kwa miaka 5, ukauhuisha mara mbili hadi kufika 15, ila usajili kabla hujauonyesha hadharani. Jina na nembo ndivyo ninavyoshauri zaidi kwa mtu mdogo: Tanzania Bara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, miaka 7 ya kwanza kisha 10 kila unapohuisha. Umbo la chambo mtu atalikopi kwa kulitazama. Makopo yako ya uzito na vigezo vyako havionekani kwa nje.

Nahitaji karatasi gani kuanza?

Jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi TRA, leseni ya halmashauri. Nenda SIDO ya mkoa wako hata kama huna pesa, wapo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo na wana mafunzo. Kwa anayetaka kuujua uvuvi wenyewe kwa undani, FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, wana vyuo, Mbegani kwa wa pwani na Nyegezi kwa wa ziwani.

Niache kazi?

Usiache.

Printa ya 3D?

Nzuri kwa kutengeneza umbo la kwanza, ambalo utalitumia kufanyia kalibu au kigezo. Kwa kuuza moja kwa moja, plastiki nyingi za printa hizo hulegea zikiachwa juu ya sitaha jua la saa saba.

Je, nitaendelea kufurahia kuvua?

Kidogo kidogo utaanza kwenda baharini ukitazama chambo badala ya samaki. Mke wangu husema siku hizi nikishika nguru nahuzunika, kwa sababu inabidi nikate mshipi ili nikague waya. Ana haki. Nimejiwekea kanuni: siku moja moja natoka na mshipi wa mkono, ndoana na kibua kilichokatwa, bila kitu chochote kilichotoka karakana.

Chambo nilichonunua kwako kimevunjika. Utanipa kingine?

Lete vipande, vyote, hata ulimi. Kama waya umekatika au kitanzi kimefunguka, unapata kipya bila maneno. Kama mti umepasuka kwa meno, nakirekebisha kwa bei ya rangi. Kama kimepotea na samaki, pole, na niambie ulikuwa wapi.

Naweza kuja kujifunza?

Njoo miezi ya kusi, kaskazi sina muda. Njoo na kisu chako mwenyewe, kilichonolewa, na chambo kimoja ulichokitengeneza. Tutaanza na kutengeneza cha pili.